Bibi Harusi wa Kabatini

Mvua ilikuwa imekatika, lakini mapaa ya mji wa Matsue yalikuwa bado yanadondosha maji pale Nagi alipofika kwa mchumba wake kuchukua kurasa. Kazi ya kawaida tu. Kila Alhamisi jioni alipita pale, akazitia kurasa kwenye bahasha ngumu na kuziwahisha duka la vifurushi kabla halijafungwa saa moja. Kesho yake zilikuwa Tokyo, mezani kwa Kuramoto, mhariri. Miaka minne, ukiacha mwezi mmoja, hajakosa hata wiki moja.

Iori Munakata alikuwa mchoraji wa manga, zile hadithi za picha za Kijapani, na Nagi msaidizi wake. Iori alichora watu. Nagi alichora nyumba, miti, mvua, na kujaza weusi wote, nywele na vivuli.

Hadithi yao iliitwa Bibi Harusi wa Kabatini, ilitoka gazetini kila wiki, na nchi nzima ilikuwa ikiichekea. Gonta, mvulana wa sekondari, anahamia nyumba ya kupanga na kukuta mzimu wa msichana kabatini. Mzimu unataka kuolewa. Kila wiki unamuuliza, "Unanipenda?" Akijibu "ndiyo" mara tatu, msichana atapata mwili. Gonta ameshateleza mara mbili. Tangu hapo, neno la tatu likimfika mdomoni, kinazuka kioja: anapaliwa na tambi, paka anamrukia usoni, treni inapiga honi.

Sasa ilibaki sura moja tu. Na maua ya mcheri yakichanua, Nagi na Iori nao wangefunga ndoa.

"Iori! Nimefika!"



Akavua viatu, akapanda sakafuni. Harufu ikampokea palepale. Kafuri, ile ya kuwekea nguo za zamani... na chini yake harufu ya tope la ziwa.

Iori alikuwa amekaa chini, uso kwa kabati la ukutani. Mlango wake wa kusukuma ulikuwa umefungwa. Mbele yake kurasa zote zilikuwa zimekamilika, isipokuwa picha ya mwisho. Gonta amefungua mdomo. Kiputo cha maneno ni kitupu.

"Hee, mwalimu! Bado?" Nagi alimtania, kwa jina la heshima wanaloitwa wachoraji. "Kuramoto atakuvuta masikio kwa simu, ujue."

Iori hakucheka. "Siwezi kuliandika lile neno la tatu."

"Basi andika hapana. Au mpalie tena na tambi, hazijaisha madukani."

"Punguza sauti."

"Kwani kuna nani?"

"Anasikiliza."

"Nani anasikiliza, Iori?"

Akaelekeza mkia wa kalamu kabatini.

Nagi alitaka kucheka. Akamtazama usoni, akaacha.

"Sikuitunga hadithi hii," Iori alinong'ona. "Nilipohamia hapa nilishikwa na homa. Siku ya tatu nikasikia sauti ya mwanamke inaniuliza, unanipenda? Nikadhani naota. Nikakubali."

"Homa hiyo."

"Mara ya pili sikuwa na homa. Ni mwaka juzi, ule mwezi ulioenda kumuuguza mama yako. Ulinipigia simu jioni, ukaniuliza kama nakupenda. Nikakubali tena."

Nagi aliiweka bahasha chini.

"Iori... Mimi sikukupigia simu mwezi ule. Kule kwa mama simu ilikuwa haishiki."

"Najua. Nilikuja kujua baadaye."

Sasa akaelewa kwa nini mwanamume huyu hakuwahi kumjibu. Akimuuliza kama anampenda, huitikia kwa kichwa tu. Hata uchumba aliuomba kwa karatasi. Nagi alikuwa akimtania kwamba ameposwa na bubu.

"Ungehama!"

"Nilihama. Umesahau ile wiki niliyolala hotelini Yonago? Hata kule kulikuwa na kabati." Akazigusa kurasa. "Ila niligundua kitu. Gonta akiponyoka, na mimi naponyoka. Kila Alhamisi kabla hujaja naingiza kurasa mle ndani. Anazisoma. Anacheka. Akishacheka, ananiacha wiki nzima. Lakini leo ndiyo mwi..."

Akanyamaza ghafla, mkono mdomoni.

Alikuwa amelitamka lile neno, ndiyo. Katikati ya maneno mengine, lakini alikuwa amelitamka.

Wakasubiri. Tone la maji likaanguka nje. Jingine. Hakuna kilichotokea.

"Hakuwa ameuliza," Nagi alinong'ona. "Hakuuliza kwanza. Haihesa..."

"Iori?"

Sauti ilitoka kabatini. Tamu, yenye utani.

Ilikuwa sauti ya Nagi.

"Iori, mpenzi... unanipenda?"

Midomo ya Iori ikaanza kucheza yenyewe. Nagi aliiona ikijikunja kulifuata neno. Akamrukia, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akamlaza chini na kumkalia kifuani. Chini ya viganja vyake ulimi ulikuwa ukipigapiga kama samaki. Mlango wa kabati ulisogea, upana wa kidole kimoja. Ndani hapakuonekana kitu. Ni nywele tu zilizoteleza nje kwenye upenyo, zimelowa, ndefu.

Mkono mmoja mdomoni mwa Iori, Nagi akauvuta ukurasa kwa ule mwingine. Akaandika kwenye kiputo kwa penseli, kama ilivyo desturi, ili Tokyo wakalipige chapa.

*Hapana.*

Akausukuma ukurasa kwenye upenyo.

Ikasikika pumzi, kama ya mtu aliyesikia msiba. Ukurasa ukarudishwa taratibu, umelowa pembeni. Mlango ukajifunga.

Harufu ikaondoka.

Nagi aliwahi duka la vifurushi zikiwa zimebaki dakika nne.

Siku kumi na moja walizopata baada ya hapo, Nagi hajawahi kupata nyingine kama hizo. Iori alilala usingizi wa kweli. Walikula supu ya kome wa ziwani, wakabishana juu ya rangi ya mapazia. Jumapili, wakiwa darajani jua linazama ziwani, Nagi alijikaza akamuuliza. Iori alisitasita, akatazama huku na huku, halafu akasema, "Ndiyo." Wakasubiri. Jua likazama tu. Wakacheka hadi mwenye baiskeli akasimama kuwatazama.

Jumatatu Kuramoto, mhariri, akapiga simu kutoka Tokyo.

"Dada Nagi! Pongezi! Simu za wasomaji hazipumui huku! Mwalimu simpati, mwambie anisamehe, nimegusa kitu kidogo sana."

"Umegusa nini?"

"Ile hapana. Ah, dada, watu wamengoja miaka minne! Binti zangu wawili wangelia wiki nzima. Nikabadilisha neno moja tu. Nimeweka ndiyo."

"Bwana Kuramoto... lizuieni gazeti."

"Lizuiwe vipi? Liko madukani tangu asubuhi."

Nagi alimpigia Iori. Simu ilipokelewa. Akasikia mtu anapumua, kama anajifunza kupumua.

Halafu kicheko cha mwanamke.

Hakumbuki alivyokanyaga baiskeli. Nyumba ilikuwa wazi, taa zimewashwa, inanukia mchuzi. Mwanamke alitokea mlangoni, amevaa aproni ya Iori, nywele zimelowa kama ametoka kuoga. Akainama kwa adabu.

"Wewe ndiye Nagi, eti? Ahsante kwa kunitunzia mume wangu."

Akamshika mikono. Vidole vyake vilikuwa na joto zuri tu.

Nagi akamkumba, akakimbilia kabatini, akausukuma mlango. Magodoro yamekunjwa vizuri. Pakavu. Akaingiza mikono hadi mabegani, akapapasa mbao za nyuma, akaita. Mbao zilikuwa baridi.

"Utajikwaruza," mwanamke alisema kwa upole nyuma yake. "Kaa basi, unywe chai."

Alitoka nje akipiga kelele. Jirani, bibi Adachi, akafungua dirisha.

"Mwanamke gani, mwanangu? Mke wa Munakata? Si yupo siku zote huyo! Jana kaniletea figili za siki." Kisha akashusha sauti. "Binti mzuri kama wewe, tafuta wako. Mume wa mtu ni aibu."

Polisi walimpa maji ya kunywa. Mke ameshasema mumewe amesafiri kikazi. Wao wafanye nini? Mama yake Nagi alikuja kumchukua, akamsikiliza, akalia, lakini Nagi aliona machoni mwake kwamba haamini.

Maua ya mcheri yalichanua, yakapukutika.

Mwezi wa sita kikaja kifurushi kutoka kwa Kuramoto, na simu yake ikafuata. "Mwalimu ameanza mfululizo mpya, dada! Kurasa anazileta mkewe kwa mkono, mcheshi yule mama! Safari hii mume ndiye yuko kabatini, mke anapika nje. Utavunjika mbavu! Ameomba weusi ujaze wewe, si mwingine."

Nagi akafungua. Ulikuwa mkono wa Iori, asingeweza kukosea. Kabati, na ndani yake mwanamume amekunja magoti. Katika kila picha alikuwa anatazama nje ya ukurasa, moja kwa moja, kwake.

Angeweza kukataa. Lakini ule uso angeuona wapi tena?

Alijaza weusi. Pembeni mwa mlango akaacha mstari mwembamba mweupe, upenyo wa kupitisha hewa. Gazeti lilipotoka, mstari haukuwepo. Kuramoto aliapa hajagusa: kurasa zilimfikia pale mlangoni pakiwa peusi tii. Wiki iliyofuata aliuacha mpana zaidi. Haukuwepo. Aliendelea kuuacha, wiki baada ya wiki, na kila wiki Iori akamtazama.

Sura ya kumi na saba ililetwa siku ya mvua. Nagi alikausha mikono, akaitandaza mezani.

Iori hakuwa akimtazama tena. Alikuwa amegeuka, jicho kwenye tundu la mlango, anamwangalia mkewe akipakua wali.

Na alikuwa anacheka.