Lori la Maziwa la Vipande Thelathini na Viwili

Mke wangu ndiye aliyenituma dukani jioni ile. Nilikuwa nimeacha sigara mwezi mzima na mikono yangu haikuwa na pa kukaa. Nilifungua redio yake, nikaacha skrubu zimezagaa juu ya vitambaa vyake vya kushona.

"Baba, kanunue vile vigari vyako vya zamani vya plastiki," alisema. "Unganisha, paka rangi, fanya utakalo. Redio yangu iache."

Akacheka.

Niseme mapema kuhusu kicheko hicho, maana ndicho ninachokipoteza. Mimi ni fundi wa meno bandia kwa miaka thelathini sasa. Vinywa vya mtaa mzima navijua, na vingi vyao heri nisingevijua. Mke wangu alikuwa na meno yote thelathini na mawili, hakuna aliyewahi kuyagusa, na moja la mbele, juu, lilipinda kidogo kama mtu anayechungulia mlangoni. Nilimpendea jino hilo. Wenzangu wana nyumba na magari, mimi nilikuwa najivunia kinywa cha mke wangu.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya fundi cherehani. Nilipopanda ngazi nikapokewa na harufu ya gundi, nikajisikia kijana. Lakini chini ya ile gundi palikuwa na harufu nyingine. Harufu ya mdomo uliolala na chakula...

Bibi mmoja alikuwa ameketi nyuma ya kabati la vioo, mtandio umemfunika mpaka puani.

"Umerudi," alisema kwa sauti ya chini.

"Hatujuani, bibi."

"Mnaorudi nawajua. Mnashika kisanduku kama mtoto wa watu."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeuacha mchezo huu miaka ishirini na tano, na nilikuwa nachagua kwa woga. Kifaru cha vita nilikirudisha haraka. Minyororo yake huunganishwa kiungo kimoja kimoja, na macho yangu hayana tena subira hiyo. Gari la mashindano lilinivutia, lakini vipande mia mbili na vibandiko vyembamba kama ganda la kitunguu ni kazi ya kumkatisha tamaa mtu kabla hajafika kwenye magurudumu. Vile vidogo sana navyo, kipande kikiruka sakafuni ndiyo basi, kimekwenda na ufagio. Nilimweleza bibi kwamba nataka gari kubwa kiasi, la rangi moja, la vipande vichache, ili nilimalize na nipate moyo wa kununua jingine.

Alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Una mke?"

"Ninaye."

"Mzima?"

"Mzima wa afya."

Akaingiza mkono chini ya kabati, akatoa kisanduku cheupe. Lori la kubebea maziwa.

"Vipande thelathini na viwili tu," alinong'ona. "Rangi haihitaji."

"Sina koleo ya kukatia."

"Koleo ya nini? Vinakatika hata kwa meno."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani, baada ya chakula, nilikifungua mezani. Vipande vilikuwa vimeshikana kwenye fremu yao, kama kawaida ya vigari hivi, lakini mfuko ulikuwa na unyevu kwa ndani. Unyevu mzito, wa kunata. Nilijipangusa kwenye suruali. Plastiki yenyewe haikuwa nyeupe kama kwenye picha. Ilikuwa na umanjano kwenye mizizi, na ilikuwa na joto.

Nilijaribu kukata kipande cha kwanza kwa wembe, ukateleza. Mke wangu alikuwa pembeni anapiga pindo la gauni. Ni mshonaji, na tangu nimjue hukata uzi kwa meno, nimemkanya mpaka nimechoka.

"Lete hapa, fundi," alisema. Akauma.

Kak.

Akakitema kiganjani mwangu. "Kina chumvi," alisema, akilamba mdomo.

Kwenye kikonyo cha kile kipande palikuwa na kitu cha waridi. Kidogo, laini. Nikajiambia ni rangi. Nilipokigusa kwa ukucha, kikabonyea.

Nilichukua tupa nikasawazisha ukingo, na unga ukapanda puani. Miaka thelathini naivuta harufu ile. Mtu akikaa kwenye kiti na mashine ikagusa jino lake, ndiyo hiyo. Haifanani na kitu kingine. Nilikunja kila kitu, nikanawa mara tatu, na bado vidole vilinuka.

Asubuhi mke wangu alikuwa anakunywa chai. Akashusha kikombe. Akaingiza vidole kikombeni, akatoa jino.

Lile lililopinda.

Hapakuwa na damu wala maumivu. Nilimkalisha dirishani, nikamfunua mdomo kwa mikono iliyofanya kazi hiyo maelfu ya mara. Mahali pa jino palipaswa kuwa na shimo jekundu. Palikuwa na kishina cha plastiki, cha mraba, kimetokeza kwenye ufizi. Kilikuwa kama kile kinachobaki kwenye fremu ukishakata kipande. Nilikigusa kwa ncha ya chombo changu, kikalia kama plastiki. Nilitoka mbio nikatapikia kwenye beseni la nguo.

"Kuna nini?" aliniuliza. "Baba, umeona nini?"

"Ufizi umevimba," nilisema. Huo ndio uongo wangu wa kwanza.

Nilirudi dukani na kisanduku kwapani. Fundi cherehani alikuwa anafungua mlango wake.

"Unapanda kwa bibi?" aliuliza, bila kunitazama. "Jana usiku nilimsikia anatafuna karanga."

"Kuna ubaya?"

"Nimekuwa hapa miaka sita, kaka. Bibi yule ni kibogoyo. Nimemzoea kwa uji." Akaingia ndani, akainama kwenye cherehani yake.

Juu, bibi alikuwa ameshusha mtandio. Fizi zake zilikuwa tupu, zimelowa, zinang'aa kama maini. Na mbele, juu, palikuwa na jino moja jipya. Limepinda kidogo. Alilichezea kwa ulimi huku ananitazama.

"Kisanduku kikifunguliwa hakirudi," alinong'ona.

"Na nisipomaliza kuunganisha?"

"Kitakaa tu. Atakayeshindwa kukaa ni wewe."

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumng'oa jino lile kwa vidole, lakini kila nilipoutazama ulimi wake ukililamba, nilirudi hatua nyuma. Niliteremka ngazi nikiwa nimeziba mdomo.

Nikaamua kuichoma ile fremu. Nilikwenda uani, nikawasha kiberiti, nikakigusisha kwenye kona ya fremu. Jikoni mke wangu akapiga yowe. Nilimkuta amepiga magoti, ameshika shavu kwa mikono miwili, na mvuke unamtoka mdomoni. Nilimpa maji. Sikumwambia kitu.

Ndipo nilipowaza, na nasema mbele ya Mungu kwamba niliwaza kwa mapenzi. Yeye aliuma, jino lake likaenda. Basi nikiuma mimi, litakwenda langu. Nina meno mabovu, yamezibwa, yameoza. Nitauma vipande vyote thelathini na kimoja vilivyobaki. Nitajitengenezea meno bandia mwenyewe, na bibi yule akae na uozo wangu. Niliona ni hesabu nzuri.

Jioni hiyo, mke wangu akiwa anaoga, niliweka fremu mdomoni. Ilikuwa na joto. Ile hali ya kunata ikanishika kwenye midomo. Nilifumba macho nikauma.

Kak.

Chumvi. Kisha utamu, chini ya chumvi, kama mafuta yaliyo karibu na mfupa. Nilikitema kipande, na kinywa changu kikajaa mate.

Nikasubiri. Meno yangu yote yalikuwa pale pale, imara kuliko siku zote. Hata lile gego bovu liliacha kuuma.

Asubuhi mke wangu alikuja kitandani amenyoosha kiganja. La pili lilikuwa juu yake, kavu, safi.

"Sijauma kitu," alisema. "Nakuapia, baba. Sijakigusa."

Alilia, na mimi nikalia naye. Kulia kwangu kulikuwa kwa kweli, naomba mtu aniamini kwa hilo. Nilimkumbatia, nikamwambia kisanduku nimekitupa jalalani, na uongo huo wala sikuuhesabu.

Sikukitupa. Kiko kwenye karakana yangu, nyuma ya chokaa ya kutengenezea violezo. Kinanuka sasa, kinanuka mpaka wateja wanaziba pua. Mimi nakionea kinyaa kuliko mtu yeyote, najua ni nini ninachokiweka mdomoni na ni cha nani. Nikikifikiria natapika, na nikimaliza kutapika, mate yananijaa tena. Nimejaribu kufunga mlango na kumpa jirani ufunguo. Nilikwenda kuuomba kabla chai haijapoa.

Chasisi ya lori imekamilika. Tangi nimeligandisha nusu.

Mke wangu hacheki tena. Nilimtengenezea meno bandia, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, lakini vile vishina vya plastiki haviyashiki, yanadondoka kwenye sahani. Siku hizi anakula ndizi zilizopondwa, polepole, macho kwenye kijiko.

Leo asubuhi aliniuliza tena.

"Baba, kile kisanduku ulikitupa kweli?"

"Nilikitupa."

Alinitazama midomo kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akanifuta kwenye kona ya mdomo kwa kidole gumba, kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kula. Kidole kikatoka na unga mweupe. Akakinusa. Akakipangusa kwenye kanga yake, akarudi kukaa, akavuta sahani yake ya ndizi.