Jicho la Gift

Kila alipotoka shuleni, Kezia alikuwa na kazi moja kabla ya kula. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akachovya vitambaa kwenye ndoo ya pilipili ya kusaga na oili chafu, kisha akavitundika kwenye kamba ya katani iliyozunguka shamba la mahindi. Tembo wa hifadhini hawapendi harufu hiyo. Kijijini Robanda, shamba lisilo na kamba ya pilipili huliwa mpaka mabua.

Siku hiyo alikuwa ametundika vitambaa vitatu tu aliposikia gari likisimama mbele ya nyumba. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Heche, alishuka akiwa na koti lake la harusini.

"Kezia! Acha hayo, kanawe mikono. Mgeni wa televisheni amefika!"

Mgeni alikuwa Theodosia. Kila Jumamosi saa kumi jioni Kezia alitazama kipindi chake cha mazungumzo dukani kwa Nelson. Alijua kwamba Theodosia alizaliwa Nkende, mjini Tarime, na kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma matangazo ya vifo redioni. Sasa alizunguka vijijini na madaktari, akiwatafutia matibabu watoto wasio na wa kuwapeleka hospitali kubwa. Kezia alijua pia mtindo wake. Theodosia akishauliza swali, hunyamaza. Hakatizi, hasaidii. Husubiri.

Mtindo huo Kezia aliupenda sana. Leo ulimtia hofu.

Ndani, mdogo wake Gift, mtoto wa kike wa miaka sita, alilala ameelekea ukutani. Wiki tatu sasa jicho lake la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji, na tangu juzi hata la kulia lilikuwa jekundu na kutoa machozi. Kezia alikuwa amewaambia watu wote kwamba Gift alimkimbia tembo, akaanguka na kujigonga kwenye kisiki. Nesi wa zahanati akatibu pigo. Gift mwenyewe hakubisha, maana dada yake alimwomba asiseme.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na tembo. Jumamosi ile saa kumi ilikaribia, na vitambaa vilibaki vingi. Kezia alimwachia Gift ndoo, akakimbilia dukani kutazama kipindi. Hata mifuko ya plastiki alisahau kumvisha, ingawa bibi yao alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa ndoo ile mikono mitupu.

"Shikamoo, mama," Theodosia alimsalimia Bibi Waisiko, aliyewalea watoto hao.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Utuone tulivyo."

Mpiga picha alisimamisha kamera. Daktari Clement, aliyefuatana nao, alikaa kitandani na kuanza kufungua bandeji taratibu. Gift alilia kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechoka kulia.

Mzee Heche alimwinamia Kezia. "Sema vizuri habari ya tembo. Taja na mahindi. Leo nchi nzima itatusikia, hata wakubwa wa huko mjini."

Theodosia aliketi kwenye kigoda, akamtazama Kezia usoni. "Kezia, nini kilitokea kwenye jicho la mdogo wako?"

Kisha akanyamaza.

Kezia alifungua mdomo. Neno "tembo" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Gift alilia tena. Bibi alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Theodosia hakusema lolote.

"Ni pilipili," Kezia alisema. "Pilipili na oili. Nilimwacha peke yake, nikaenda kukutazama wewe. Akajifikicha macho. Hakukuwa na tembo."

"Mtoto huyu!" Mzee Heche alifoka. "Unatuaibisha! Sasa nani ataamini kwamba tembo wametumaliza?"

Lakini Daktari Clement alikuwa ameshaomba maji safi na tochi. Mpaka hapo alikuwa akitafuta jeraha la kujigonga. Sasa alijua atafute nini. Alipindua kope la Gift polepole. Chini yake palikuwa na uzi wa kitambaa na kipande cha ganda la pilipili, vimezungukwa na usaha.

"Wiki tatu vinamkwaruza," alisema. "Leo hii anakwenda Mwanza."

Theodosia aliagiza kamera izimwe. "Mzee Heche, mashamba yaliyoliwa nimeyaona kwa macho yangu, na nitayaonyesha. Ila ningemtangaza tembo ambaye hakuwepo, hata hao waliopo wasingeaminiwa."

Mzee Heche alivua koti, akatoka nje.

Jicho la kushoto halikupona. La kulia liliokolewa.

Theodosia mwenyewe aliwarudisha Gift na bibi yake nyumbani baada ya wiki mbili. Alimkuta Kezia ameketi kando ya ndoo, mifuko ya plastiki mikononi, hafanyi kitu.

"Nilipokuwa msichana redioni," alimwambia, "nilisoma jina la mtu aliye hai kwenye matangazo ya vifo. Niligundua siku ileile. Nikaogopa kufukuzwa, nikakaa kimya siku mbili. Mama yake alilia msiba siku mbili zote. Kosa lilikuwa la dakika moja, Kezia. Kuficha ndiko kulikomuumiza yule mama. Ukikosea, sema mapema, wakati ukweli bado unaweza kumsaidia mtu."

"Mimi nilichelewa," Kezia alisema.

"Ulichelewa," Theodosia alikubali. Hakumdanganya. "Lakini hukunyamaza moja kwa moja. Ndiyo maana anaona."

Gift alikuja akipapasa ukuta kwa upande wa kushoto. Alikuwa bado hajazoea. Aligonga bega kwenye mlango, akasimama.

"Pole," Kezia alisema. Neno hilo alikuwa amelisema kila siku kabla ya safari ya Mwanza, na kila mtu kijijini alilisema pia. Alivua mifuko mikononi, akapiga magoti mbele ya mdogo wake ili lile jicho moja limwone vizuri.

"Gift, nisamehe. Ni mimi niliyekuacha."