Kidato cha Nyumba ya Sokoni

Mwizi aliacha saa ya ukutani, akaacha vinara vya shaba na milango yenye nakshi, akaondoka na kidato kimoja cha ngazi.

"Kimoja tu?" Inspekta aliuliza.

"Kimoja tu, afande," alijibu mlinzi wa ile nyumba kongwe ya mbao, iliyotazama uwanja wa soko. "Cha tatu kutoka chini. Kile kilichokuwa kinalia ukikikanyaga."

Halmashauri ilikuwa ikiikarabati nyumba iwe makumbusho. Wakubwa walikuja juu kama moto wa kifuu, na kwa kuwa funguo alikuwa nazo fundi seremala wa ukarabati, asubuhi ileile akatiwa mahabusu.

Inspekta alipiga magoti. Mwizi gani huyu? Hakutumia mtaimbo. Misumari ya mti ilikuwa imegongwa taratibu kutoka chini, ndani ya kabati la ngazi. Tena pengo lilizibwa kwa ubao mwingine, mtu asije akavunjika mguu. Ubao wenyewe ulipakwa vanishi na ulikuwa na matundu ya skrubu pembeni.

"Huu umetoka kwenye kitanda," alisema. "Mlango wa uani umevunjwa?"

"Haukuvunjwa. Lakini ule ukiuinua kidogo tu unafunguka. Wanajua waliokaa hapa."

"Nani alikaa hapa?"

"Fundi cherehani na mkewe, kule juu, tangu ujana wao. Walihamishwa kupisha ukarabati."

Inspekta alikata uwanja wa soko, akapita chini ya roshani za mbao ambako marehemu mkewe alipenda kuchagua vitambaa. Tangu amzike, alikuwa akizunguka mtaa mzima asipite hapa. Palimkumbusha mno.

Makao mapya ya fundi cherehani yalikuwa chumba cha matofali nyuma ya stendi. Mlango ulikuwa wazi. Inspekta alipiga hodi, kimya, akaingia. Ubao uliolazwa mlangoni ukalia chini ya kiatu chake.

"Umerudi, mume wangu?" Sauti ya mwanamke ilitoka ndani, imejaa furaha. "Mbona umechelewa? Ulikuwa wapi?"

Inspekta aliganda. Swali hilo hakuwa ameulizwa na mtu tangu afiwe na mkewe. Loh, jinsi alivyotamani kulijibu! Bibi kizee asiyeona alikuwa amekaa kitandani, mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni. Kitanda hakikuwa na ubao wa miguuni.

Fundi cherehani alitokea uani na ndoo ya maji. Inspekta akamvuta kando.

"Kidato umekichukua wewe?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na nani tena? Goti lenyewe nusura linitoke."

"Kwa nini?"

Mzee alitua ndoo. "Macho yake yalikwisha zamani. Sasa na kumbukumbu imekwenda. Sauti yangu haijui. Kule alinijua kwa kidato. Nikikikanyaga tu, ananiita. Tulipohamia hapa, nikimgusa ananifukuza: toka, mume wangu atakukuta! Kutwa ananililia, na mimi niko mbele yake. Afande, unajua ilivyo mtu kukulilia, nawe umekaa naye kitanda kimoja?"

Inspekta akasema, "Fundi seremala yuko mahabusu kwa kosa lako."

"Masikini, mtoto wa watu! Sikujua." Mzee akanyoosha mikono apigwe pingu. "Nipeleke, nikaseme mwenyewe."

"Na kidato ni kielelezo. Lazima kiondoke leo."

Mzee aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

"Bibi ameshakula?"

"Hali mpaka nirudi."

"Basi rudi, mzee."

Mzee alijipangusa uso kwa mkono wa kanzu yake, akakikanyaga kidato. Kikalia.

"Umerudi!"

"Nimerudi, mke wangu."

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Kazini. Sogea, tule."

Inspekta alibaki nje, mgongo ukutani, akisikiliza vijiko vikigonga sahani. Akampigia koplo simu, akamwagiza amwachie seremala.

"Nije na gari sasa, afande?"

"Bado," alisema Inspekta. "Wanakula."