Aliyeketi Kubani

Aliyeanza kulalamika alikuwa mama mmoja wa Benghazi, mnene, mcheshi, aliyekuja Ghadames na dada zake wawili kuuona mji wa kale na kula fitati, chakula cha huko. Alimega, akatafuna, akamgeukia Mabruka, aliyekuwa akiwapikia wageni katika nyumba ya kale ya mumewe.

"Dada, nani kawaambia kuwa tuna presha?"

Wenzake wakacheka.

"Kwani vipi, mama?"

"Chakula hakina hata punje ya chumvi."

Mabruka akaonja. Kweli. Mchuzi wa nyama ya ngamia, dengu, mikate myembamba aliyokuwa akiichana kwa vidole tangu asubuhi, vyote vilikuwa kama maji ya moto. Na chumvi alitia. Alikumbuka hata alivyokung'uta kiganja juu ya sufuria, kule jikoni, juu ya paa.

Bilqasim, mumewe, alileta kibakuli cha chumvi. "Mke wangu anaanza kuzeeka, jamani. Mvumilieni."

Wageni walicheka tena, wakala, wakanywa chai. Walipokuwa wakivaa viatu, mama wa Benghazi akamshika Mabruka mkono.

"Mdogo wako tusalimie. Mwambie hina yake imekolea vizuri."

"Mdogo wangu yupi?"

"Yule bibi harusi wa nyuma ya pazia. Nilichungulia kidogo, usinisute."

Mabruka hakuwa na mdogo; kwao walizaliwa yeye na kaka mmoja tu. Alitabasamu, akawasindikiza mpaka mlangoni, kisha akapanda ngazi kurudi sebuleni.

Kuba ilikuwa pembeni mwa sebule, kama ilivyo katika kila nyumba ya kale ya Ghadames: kijichumba cha kutosha mtu kukaa, mlango wa tao, pazia jekundu. Mwanamke huingia humo mara mbili tu katika maisha yake. Siku anapoolewa huketi akasubiri mume. Siku mume anapokufa huketi akapokea rambirambi. Kati ya siku hizo mbili kuba hukaa tupu.

Mabruka mwenyewe hakuwahi kuketi humo. Harusi yao ilifanyika mji mpya, kwenye nyumba za serikali ambako sasa kila mtu anaishi, kwa sababu Bilqasim alisema dari ya kuba imepasuka. Miaka yote hii kazi ya kufagia humo alikuwa akiifanya Bilqasim mwenyewe. "Hapo niachie mimi," alikuwa akisema. "Usije ukaangukiwa na udongo."

Alifunua pazia. Hapakuwa na mtu. Dari ilikuwa nzima, haina ufa. Mto ulikuwa umebonyea katikati, na alipouwekea kiganja, ulikuwa na joto. Harufu ya karafuu na hina mbichi ilimpanda puani. Kando ya mto palikuwa na sahani ya fitati, imeliwa nusu.

Asubuhi iliyofuata alitia chumvi mara mbili.

Adhuhuri, Bilqasim alipokwenda kuwapokea wageni kwenye lango la mji, Mabruka alibaki peke yake sebuleni akipanga vikombe. Nje jua lilikuwa kali, lakini nyumba zile hazina madirisha. Mwanga wote hushuka kutoka tundu moja la darini, ukagonga kioo kimoja cha ukutani, kikakirushia kingine, nacho kingine, mpaka sebule nzima ikang'aa kwa vioo na sahani za shaba. Alisikia hatua juu ya paa. Mapaa ya Ghadames ni njia za wanawake, na zamani mwanamke aliweza kuvuka mji mzima juu kwa juu bila kukanyaga chini, lakini siku hizi majirani wote walikuwa wamehama, na kwenye mapaa hapapiti mtu ila paka.

Paka havai bangili.

Hatua zilikuja polepole kutoka upande wa nyumba ya jirani, bangili zikilia kila mguu unapotua, zikavuka ukuta mfupi, zikapita jikoni ambako kifuniko cha sufuria kilisikika kikiinuliwa na kurudishwa, zikasogea mpaka usawa wa tundu la darini, zikakoma. Na hapo kile kioo cha kwanza kikafifia, kisha cha pili, kisha cha tatu, kana kwamba mtu anapita ukutani akivizima kimoja kimoja, na Mabruka, aliyetaka kuinua uso aone ni nani aliyekalia tundu, aligundua kwamba shingo imekataa, na kwamba pazia la kuba, mahali pasipofikiwa na upepo, linajaa taratibu kutoka ndani, kama tumbo la mtu anayevuta pumzi.

"Umekaa sana kwenye nyumba yangu," sauti ya kike ilisema. Ilisemwa kwa upole, kama mwenyeji anayemuaga mgeni.

Mabruka alitoka mbio bila viatu.

Hakwenda kwa Bilqasim. Alikwenda mji mpya kwa mama mkwe wake, Hajja Tibra, aliyekuwa akichambua tende barazani. Alimweleza yote. Kikongwe hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Mama, nani yumo kubani?"

"Punguza sauti, mwanangu."

"Nani?"

Hajja Tibra aliweka tende chini. "Nyumba ilikuwa inakufa. Msimu mzima hatumpati mgeni hata mmoja. Bilqasim akalala mle peke yake, akaja kuniambia kuna anayetaka pa kukaa. Hataki damu, hataki roho. Anataka aolewe, aketi kubani kama wanawake wengine, na chakula chake kisiwe na chumvi. Bilqasim akakubali. Msimu uleule wageni wakamiminika."

"Ilikuwa lini?"

"Kabla yako."

"Kabla yangu." Mabruka alikaa chini sakafuni. "Kwa hiyo mimi ndiye mke wa pili. Na wewe ulikuja kwetu kuniposa, mama, ukala chakula cha mama yangu, ukijua."

"Nilitaka wajukuu," Hajja Tibra alisema, akainamisha kichwa. "Yule wa kubani hazai."

Siku ya pili Mabruka alimleta Shehe Miftah, msomaji aliyejulikana mpaka mji wa Darj kwa kuwatoa majini. Bilqasim aliwakuta sebuleni, shehe amekwisha kumwaga mstari wa chumvi mbele ya kuba.

"Umeniaibisha, Mabruka. Umeleta watu wa nje?"

"Wa nje yumo humo. Mimi nimeleta shehe."

Shehe alisoma kwa muda mrefu. Vioo vilififia na kung'aa, vikafifia tena. Nyuma ya pazia bangili zililia, kisha kikasikika kicheko cha chini cha mwanamke asiye na haraka. Chumvi ya sakafuni ikageuka maji, yakatiririka kuelekea miguuni kwa Bilqasim. Shehe alifunga msahafu na kujifuta jasho.

"Huyu simtoi," alisema. "Aliyevamia hufukuzwa. Huyu hakuvamia, kakaribishwa, kapewa mahali kwa ahadi. Atatoka kwa ulimi uleule uliomwingiza." Akamgeukia Bilqasim. "Ni mkeo. Mwache. Tamka hapa mbele yangu, yatakwisha."

"Na wageni?" Bilqasim aliuliza.

"Alichokuja nacho ataondoka nacho. Riziki anatoa Mungu, mwanangu. Tamka."

Bilqasim alisimama mbele ya pazia. Mabruka alimwona mgongo tu. Aliyaona mabega yale ambayo miaka yote alikuwa akiyafulia kanzu, na mkono uliokuwa ukimletea kibakuli cha chumvi mbele za watu, akicheka, huku akijua chumvi ilikokwenda. Hata hivyo alimwombea. Aliomba kimoyomoyo apate nguvu ya kusema neno moja.

Harufu ya karafuu ikazidi. Pazia lilijaa, likatulia.

Bilqasim aligeuka. Hakumtazama mkewe usoni.

"Mabruka binti Hamid," alisema, "nimekuacha."

Shehe alipiga kelele, "We bwana, umefanya nini!" Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Vioo vyote vya sebule vikawaka kwa pamoja, na nyumba ikang'aa kama siku ya harusi.

Mabruka alikwenda kuishi kwa kaka yake mji mpya. Alipomaliza eda yake ya talaka alianza kupika. Alitandika mikeka uani, akachana mikate, na wageni wachache wakaanza kuja. Hakuwahi kupita tena karibu na lango la mji wa kale.

Majira ya baridi yaliyofuata, mama wa Benghazi alirudi na majirani zake. Alimkumbatia Mabruka kwa vifijo.

"Kumbe upo huku! Tulianzia kule, tukidhani tutakukuta. Dada, chakula cha kule bado hakina chumvi, sasa tumekufuata wewe." Alikaa, akanyoosha miguu. "Lakini yule bibi harusi wenu kapatwa na nini?"

Mabruka aliacha kukoroga. "Kwa nini?"

"Hina imefutika, bangili kavua zote. Kaketi mle kubani kaelekea ukutani, analia. Nikamuuliza, pole mwanangu, nani kakufia? Akasema, mume wangu." Mama wa Benghazi alipunguza sauti. "Mwili ulinisisimka. Mumewe si yule Bilqasim? Mbona alikuwa mlangoni, mzima wa afya, anatumiminia chai na kucheka?"

Simu ilikuwa rafuni, juu ya pipa la unga. Namba ya Bilqasim alikuwa hajaifuta. Mabruka aliitazama simu. Kisha aliutazama mchuzi uliokuwa ukitokota.

Alichota chumvi, akakung'uta kiganja juu ya sufuria.

"Sogeeni," alisema. "Kitapoa."

Mama wa Benghazi alimega, akatafuna, akafumba macho kwa raha.

"Hapa sasa, dada. Leo imekolea."