Aliyemwita Diwani

Nisameheni mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Mimi Luhaga nimezoea jukwaa. Nimezoea kuanguka na kiti watu wacheke. Kutisha sikufundishwa. Mkiona nimechekesha pasipotakiwa nitupieni viatu, ila vije viwili viwili, na viwe namba nane.

Yalimkuta shemeji yangu Jilala, mume wa dada yangu Nyanjige, kule Shishiyu.

Siku ilianza kama siku yoyote. Jilala alitoka, akamsalimu mkewe, "Mwangaluka, mayu," akaenda zizini. Ana dume mmoja wa ng'ombe, mweusi mwenye baka jeupe usoni. Anamwita Diwani, kwa kuwa anakula shamba la kila mtu na hakuna anayemuuliza. Akamwita kwa ule mwito wake wa kuvuta, "Diwaaaani, hoo!" Dume akaja.

Jina hilo lilikuwa na kazi nyingine. Binti yao Milembe anasomea uuguzi Bariadi mjini, na Jilala, kwa kuwaogopa matapeli wa mitandaoni, alimwambia: ukipata ujumbe wangu ukautilia shaka, uliza jina la dume. Likijibiwa sawasawa, ujue ni baba. Ili asilisahau, jina hilohilo akalifanya paswedi ya akaunti yake ya ujumbe. Akajiona mjanja kuliko benki.

Saa nne asubuhi simu ikamkataa. Paswedi si sahihi. Akaandika tena taratibu, kwa kidole kimoja, kama anayemtoa mtoto mwiba. Si sahihi.

"Hata wewe umemsahau Diwani?" akaiuliza simu, akacheka peke yake.

Ikaita mkononi. Alikuwa Milembe.

"Baba, nimefika stendi."

"Stendi kufanya nini?"

"Si umeniandikia? Mama kaanguka. Nisimpigie mtu, mjomba Luhaga ananifuata na gari jeupe."

Mjomba Luhaga ndiye mimi. Saa hiyo nilikuwa Maswa mjini nanyolewa.

"Sijakuandikia kitu, mwanangu."

"Nilikuuliza jina la dume, ukajibu. Ukanitumia na picha ya mama. Amelala kwenye mkeka, kavaa kitenge cha kasuku. Kwa mbele kuna miiba ya zizi."

Jilala akageuka. Nyanjige alikuwa kwenye mkeka nyuma ya jiko, ananyoosha mgongo baada ya palizi. Kitenge cha kasuku. Fundi alikimaliza jana, na leo ndiyo mara ya kwanza anakivaa. Aliyepiga picha ile alisimama ndani ya zizi.

Zizini alikuwamo Diwani peke yake.

"Milembe. Rudi chuoni. Sasa hivi."

"Gari limekuja." Sauti ya binti ikashuka. "Baba. Aliyemo anaita."

"Anakuita?"

"Haniiti mimi. Anamwita Diwani. Kwa sauti yako."

Jilala akaisikia. Ndani ya simu, kwa mbali. Diwaaaani, hoo. Mvuto uleule. Pumzi ileile. Kisha kicheko. Si cha mtu mmoja. Cha watu wengi, kama ukumbi mzima.

Nyuma yake, zizini, dume akaitikia.

Simu ikakatika.

Akapiga. Haipatikani. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Ikapokelewa. Mtu akapumua. Akakata.

Shishiyu hadi Bariadi si mwendo wa miguu. Jilala alikimbia hivyohivyo, kandambili moja mguuni, nyingine aliiacha kwenye pamba ya jirani. Alipofika barabarani namba asiyoijua ikampigia.

"Ndiwe baba Milembe? Mimi mama Felisita, nauza chai hapa stendi. Mwanao yuko kwangu, nimemkalisha nyuma ya masufuria. Anatetemeka, lakini mzima."

"Na wenye gari jeupe?"

Mama yule akaanza kunong'ona. "Gari gani, baba? Nimemkuta uso kwa uso na ukuta wa choo. Mkono kaunyoosha kama anafungua mlango. Mguu mmoja kashaunyanyua. Nikamvuta. Nakuapia, na upande wa pili kulikuwa na kitu kinamvuta."

Milembe akaletwa nyumbani. Kiganja chake cha kulia kilikuwa cha baridi kwa siku mbili.

Jilala akaenda Maswa kwa Joakim, fundi simu, kijana asiye na huruma na mtu mzima.

"Mzee, paswedi unaipigia kelele kila asubuhi, tarafa nzima inasikia? Si ungeibandika tu ofisi ya kijiji!"

Akaifunga ile akaunti, ikafungika kabisa. Jilala aliporudi alizima simu zote za nyumbani, akazifukia kwenye pipa la mahindi. Kisha akamwinamia binti yake uani, jua likiwa utosini, akamnong'oneza sikioni alama mpya badala ya jina la dume. Neno moja. Hata Nyanjige hakulisikia.

Kesho yake mchana Milembe akaifukua simu yake, akaiwasha. Ujumbe ulikuwa unasubiri, umetoka kwenye akaunti iliyofungwa. Picha. Baba na binti wameinamiana, mdomo uko sikioni. Kwa mbele, miiba ya zizi.

Chini yake, lile neno jipya. Herufi zote sawasawa.

Jilala hamwiti tena Diwani. Anamswaga kwa fimbo, mdomo kaufunga. Lakini kila siku ikifika saa nne, dume huacha majani, husimamisha masikio, hugeuka upande wa Bariadi. Huitikia.

Shemeji ameuliza ukoo mzima nani alitoa siri ya jina la dume. Mimi nilikuwa nakula, nikaongeza tonge.

Maana kwenye harusi moja kule Ipililo, kabla ya haya yote, niliposhika kipaza sauti, ndimi niliyesimulia jinsi shemeji alivyomfanya ng'ombe kuwa paswedi na alama ya mwanawe. Nikauigiza na mwito wake kwa sauti yake, wageni wakavunjika mbavu. Video nikaiweka mtandaoni mwenyewe, nikawabembeleza watu waisambaze.

Kwa hiyo kile kicheko cha kwenye simu, jamani, nakijua. Ni changu. Nilikitolea jasho, na nikaomba na makofi.