Bao Lisiloshangiliwa

Jogoo alichomoka kwenye tenga, akapita katikati ya magunia ya vitunguu, na nusu ya soko la Singida mjini ikageuka kumtazama. Isaka, aliyekuwa ametoka tu kumlipia, alimkimbilia. Jogoo akaenda kushoto, Isaka kulia. Wapagazi walicheka hadi wakatua mizigo.

"Si huyu ndiye straika wetu?" mmoja aliuliza. "Jumapili tumekwisha!"

Muuza kuku, Damari, msichana mrefu mwenye gauni la kitenge cha njano, hakukimbia. Alichuchumaa, akamwaga punje za mtama, na jogoo akarudi mwenyewe.

"Kaka, wewe unamfukuza. Lazima akukimbie."

"Basi nifundishe, dada."

"Kwani uwanjani pia unakimbia hivyo?"

"Njoo uone."

"Mpira siujui mimi. Nawajua kuku."

Isaka alirudi kununua kuku tena na tena, mpaka wenzake kambini wakauchoka mchuzi. Damari naye hakuvutwa na jina la Isaka lililotajwa redioni. Alfajiri, akipeleka matenga sokoni, alikuwa akimwona barabara ya Unyambwa akikimbia peke yake, fulana imelowa jasho, wenzake bado wamelala. Mtu wa kazi humtambua mwenzake.

Jioni simu hazikukosa.

"Dama wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, mazoezi?"

"Nimepiga mashuti mpaka kipa akaniomba niende nyumbani."

Damari alicheka. "Mama anakuja Jumapili kutoka Nduguti. Anataka kumwona huyo anayenifanya nicheke peke yangu jikoni."

"Mlete uwanjani! Nikifunga, nakuja mbele yenu na kukuonyesha kwa kidole. Mama ajue sina mwingine."

"Isaka, usiniahidi kitu cha mchezo."

"Naahidi, kipenzi."

Jumapili mama yake Damari, Luciana, alikaa jukwaani amejifunga kanga mpya. Kipindi cha pili ilikuja krosi. Isaka akaruka, akaipiga kichwa, wavu ukatikisika. Uwanja ulilipuka kwa kelele. Damari alisimama, akamwinua na mama yake.

"Sasa anakuja."

Isaka hakuja. Aliinua viganja viwili kama anayeomba radhi, akainamisha kichwa, akarudi katikati ya uwanja taratibu. Jukwaani hakutazama kabisa.

"Ndiye huyo?" mama aliuliza kwa upole. "Mbona kama hakujui?"

Kabla ya filimbi ya mwisho walikuwa wameondoka. Isaka alipiga simu jioni nzima, haikupokelewa. Asubuhi Damari alifuatana na mama yake kurudi Nduguti.

"Nimemkosea nini?" Isaka alimuuliza Shukuru, kipa wao.

"Ulimwahidi nini?"

"Kwamba nikifunga nitaenda kushangilia mbele yake."

"Na tulicheza na nani?"

Isaka akakaa chini. Walicheza na Stesheni ya Manyoni, timu iliyomlea tangu akiwa hana hata viatu vya mpira. Ukiifunga timu iliyokulea, hushangilii. Mwiko huo ulikuwa umemwingia mwilini, akaufuata bila kufikiri. Mashabiki wote walielewa, isipokuwa wanawake wawili.

Siku ya mapumziko alipanda basi la Nduguti. Aliwakuta uani wakipura alizeti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaeleza yote. Damari aliendelea kupiga alizeti kwa fimbo.

"Kwa hiyo Manyoni uliwaheshimu," alisema, "sisi ukatuacha tumesimama."

"Ndiyo. Nilitafuta maneno matamu ya simu, nikasahau kuwaza tunacheza na nani. Kosa ni langu."

Luciana aliweka fimbo chini. "Hiyo ahadi aliijua nani mwingine?"

"Hakuna, mama."

"Basi tumeaibika mbele yetu wenyewe tu!" Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaingia ndani kubandika chai.

Damari alijitahidi kununa, akashindwa.

"Dama," Isaka alisema, "wazee wangu watakuja kwa utaratibu wake. Lakini nilitaka usikie kwangu kwanza. Nakuomba uwe mke wangu."

Damari alipepeta ungo mzima, makapi yakipeperuka kwa upepo, kabla hajajibu.

"Waambie waje tukimaliza mavuno."

"Kweli?"

"Kweli. Ila wakikuuliza lolote juu yangu, usiwaahidi. Niulize mimi kwanza."