Waya Uliofungwa Mara Mbili

Betri zote mbili zilikuwa zimetoweka. Kwenye kona ya zahanati ya wakunga, katika kijiji cha Lindi, Kibera, zilibaki alama mbili za mraba sakafuni, na nyaya mbili zilizokatwa zikining'inia ukutani.

Inspekta Nicanor Shivachi alichutama akazitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Juni 1986, na mawingu yalikuwa yamekataa kuondoka Kibera wiki nzima.

"Unapoteza wakati, Inspekta," alisema Mzee Fadul, mwenye nyumba. "Mwizi ni fundi Nderitu. Yeye ndiye alifunga hii sola, na yeye ako na kifunguo. Mkubwa wako nimeshaongea naye. Jumatatu huyo aende kotini."

Mkubwa wa kituo alikuwa amesema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa. Nderitu alikuwa seli tangu jana, mdomo umevimba. Jambo hilo lilimkera Shivachi kuliko wizi wenyewe.

"Nani aligundua zimeibwa?"

"Mimi. Jana jioni."

"Jana zahanati ilifungwa mchana kutwa. Uligunduaje?"

"Niliona tu."

"Uliona nini, mzee? Ulikuwa unatafuta mkunga?"

Fadul alikohoa, akarekebisha kofia, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia mlangoni.

Shivachi alimulika dari kwa tochi. Waya mwembamba, wa aina ya kufungia kengele ya mlango, ulikuwa umeungwa kwenye ule mnene wa zahanati, ukapenya ukuta kuelekea sebule ya Fadul upande wa pili. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka kwa kubebeshwa mzigo usio wake.

Kisha akaokota sakafuni vipande viwili vifupi vya waya mnene, vilivyoachwa hapo na aliyechukua betri. Akaviunganisha na ncha za ukutani. Vilikaa sawasawa. Kila waya ulikuwa umefungwa kwa uzi mweupe mahali pawili, karibu karibu, halafu ukakatwa katikati ya vifundo.

Juu ya paa, paneli ilikuwa bado mahali pake, imefunikwa blanketi.

Mwizi gani huyu, alijiuliza, anayeiba huku akifunga kidonda?

Akarudi kituoni.

"Afande, mimi natumia tepu nyeusi," alisema Nderitu alipoonyeshwa vifundo. "Uzi ni wa fundi wa nguo."

"Na blanketi?"

Nderitu alisita. "Hiyo ni mimi nilifundisha. Mchana paneli iko na moto, umeme unapita. Unaifunika kwanza, ndio ukate."

"Ulimfundisha nani?"

"Sikumbuki, afande."

Alikumbuka vizuri sana, na alikuwa tayari kupigwa tena asiseme. Shivachi alimheshimu kwa hilo, akaligeuza swali.

"Hiyo sola uliipima aje?"

Fundi akasahau mdomo wake uliovimba. "Taa tatu, kila moja wati nane, masaa tano kila usiku. Nikaweka betri mbili, ndio hata jua likikosa siku tatu taa ziwake, na betri isishuke chini ya nusu. Ukiishusha chini ya nusu kila siku, unaiua. Nilipima mawingu ya Juni, afande. Sikupima Kombe la Dunia."

"Kombe la Dunia?"

"Lindi haina stima, nguzo za umeme hazijafika. Uliza Mzee Fadul televisheni yake ya mpira inawaka na nini."

Shivachi aliporudi zahanati, mkunga mkuu, Mama Mabruka, alikuwa amefika, anasugua makasi kwenye karai. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, leso kiunoni, macho yasiyoinama mbele ya mtu.

"Mama, mtoto akizaliwa, kitovu mnakikata aje?"

"Unataka kuzalisha, Inspekta?"

"Nataka kujua."

"Unafunga mahali pawili, unakata katikati. Kila mkunga anajua."

Shivachi aliviweka vile vipande mezani, kando ya kibonge cha uzi mweupe wa kufungia vitovu. Uzi ulikuwa mmoja.

Mabruka alivitazama.

"Mkono umezoea," alisema. "Hata sikujua nimefanya hivyo."

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi. Mwachilie Nderitu. Nimetoka Kawangware saa hii, ndio nasikia mmemfunga."

"Betri ziko wapi?"

"Huko Kawangware, kwa mkunga mwenzangu, Wangoi. Nilizitoa jana, wanaume wakiwa msikitini. Nikazilaza kwa mkokoteni, nikazifunika na mashuka ya uzazi. Polisi wako alinisimamisha njiani. Akaona damu kwa shuka, akageuza uso. 'Pita, mama.'"

Shivachi nusura acheke.

"Kwa nini, mama?"

Makasi yalitua mezani.

"Jumanne usiku, mama mmoja, Muthoni, alijifungua hapa. Mtoto akatoka salama. Halafu damu. Natafuta inatoka wapi, taa zikafifia, zikazima zote tatu. Nikawa napapasa. Huko nyuma ya ukuta watu wanapiga kelele, 'Goli!' Muthoni alinifia mikononi, na wao wanashangilia."

Shivachi aliinua macho kwenye ule waya wa darini.

"Ulimwambia Fadul?"

"Mara tatu. Akasema nyumba ni yake, na kilicho ndani ni chake. Hizo betri tulinunua sisi, wanawake wa kikundi! Nikaja kituoni kwenu. Mkaniuliza, mwenye nyumba anaiba aje kwa nyumba yake?"

"Zirudishe, mama. Nifunge faili."

"Sirudishi." Akamnyoshea mikono yote miwili. "Nifunge mimi. Lakini ule waya ukiwa kwa dari, hata jaji akiniamuru, sirudishi."

Shivachi hakutoa pingu. Alichukua makasi mezani, akapanda juu ya stuli.

"Inspekta!" Fadul alikuwa amesimama mlangoni, anahema. "Wacha! Huo ni waya wangu!"

"Wako?"

"Wangu! Niliweka mimi mwenyewe!"

"Ahsante, mzee. Hayo nitayaandika kama ulivyoyasema, na utatia kidole."

"Mkubwa wako atasikia haya."

"Mwambie. Atanikuta na faili mbili. Moja ya fundi ambaye hakuiba, ambaye anatoka leo. Nyingine ni yako, na ndani yake kuna jina la Muthoni."

"Utahamishwa!"

"Nihamishwe."

Nyuma yake Mabruka aliishusha mikono polepole.

"Nenda ulete betri zenu, mama," alisema Shivachi.

Akaukamata ule waya mwembamba, akaukata. Hakuufunga uzi upande wowote.